Kukosa mkutano si kukataa

UKURASA WA NYUMBA NA MALI

Kuko neno moja linalosemwa sana kwetu, mjini sawa na kijijini: «Sisi tusipoenda ule mkutano, hawataweza kufanya kitu.» Ndugu wenye nyumba moja ya urithi wanalisema. Wachimbaji wa koperative wanalisema. Hata vijana wa kwaya wanalisema wakati wamechoka na wakubwa wao. Watu wanabaki nyumbani, wanafunga mlango, wanangoja mkutano ufe wenyewe. Mara ya kwanza, kweli, unakufa. Mara ya pili haufi. Nyuma ya majuma mawili ao matatu wanasikia ya kama shauri limekatwa, feza imeulizwa, na jina lao liko katika orodha ya wenye kulipa.

Tuongee basi juu ya hesabu ya watu katika mikutano ya wale wenye mali moja pamoja. Kwa Kifaransa wanaiita quorum. Sisi tuseme korumu. Jirani zetu wa Tanzania wanasema akidi. Ni hesabu inayopaswa kutimia mbele mkutano uwe na nguvu ya kukata shauri. Isipotimia, watu wanaweza kuongea mpaka usiku, kugombana na kupatana, lakini waliyopatana ni maongezi tu. Kanuni hiyo iliwekwa kusudi watu watatu wasijifungie ndani ya chumba na kutumia feza ya watu thelathini.

Huo ni upande mmoja, na karibu kila mtu anaujua. Upande wa pili haujulikani sana. Kama kukosa tu kungetosha kuzuia, mtu mmoja mkaidi mwenye marafiki kumi wavivu angeweza kuacha nyumba ya watu wote ianguke. Kwa hiyo sheria za inchi nyingi zimeweka mkutano wa pili: wa kwanza ukishindwa, wanaita mwingine, na huo mwingine unauliza watu kidogo, ao hauulizi hesabu hata kidogo. Hapo ndipo wenzetu wananaswa.

Nitachukua mfano wa Ubelgiji. Siyo kwa sababu ndio waliotutawala, lakini kwa sababu familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina mtu kule, Bruxelles ao Liège, na wengine kati yao wamenunua apartema katika nyumba za etaji. Barua za mikutano zinafika kwao, na siku moja, mwenye apartema akifariki, zinaanza kufika kwa wariti wake huku kwetu. Tena sheria ya kule imeandikwa wazi, unaweza kuihesabu kwa vidole.

Katika nyumba ya namna ile, kila mtu ana apartema yake, lakini paa, ngazi, kuta za nje, mabomba makubwa na kiwanja ni vya wote. Vitu hivi vya wote vinagawanywa kwa mafungu, mara nyingi mafungu 1000. Mwenye apartema kubwa ana mafungu mengi, mwenye ndogo ana machache. Mtu anayeangalia kazi za kila siku anaitwa sindiki; lakini mashauri makubwa yanakatwa na mkutano wa wenye mali wote. Sheria ya mikutano hiyo iliandikwa upya mwaka 1994, ikageuzwa 2010 na 2018, na tangu tarehe 1 Septemba 2021 iko katika kitabu cha tatu cha Kode Sivile mpya ya Ubelgiji.

Inasema hivi. Mkutano una nguvu kama zaidi ya nusu ya wenye mali wako pale, wao wenyewe ao kwa prokirasyo, na kama wote pamoja wana angalau nusu ya mafungu. Ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, vichwa na mafungu. Kuko pia njia nyingine: kama waliopo wana zaidi ya robo tatu za mafungu, vichwa havihesabiwi tena.

Chukua kalamu, tuhesabu. Tuseme nyumba moja ina apartema 11 na wenye mali 8. Bwana mmoja ana apartema 4, mafungu 400. Wale 7 wengine wana apartema moja moja: 130, 130, 100, 80, 60, 50 na 50. Jumla yao ni 600, na pamoja na zile 400 inakuwa 1000.

Siku ya mkutano wanakuja wadogo watano: 100, 80, 60, 50 na 50. Vichwa vinatosha, maana 5 inapita nusu ya 8. Lakini mafungu yao ni 340, hayafiki 500. Mkutano hauna nguvu.

Tuseme badala yao anakuja yule bwana wa 400, na mmoja wa 130, na wa 100, na wa 80. Mafungu ni 710, mengi kweli. Vichwa ni 4, ni kusema nusu kamili. Na sheria inataka zaidi ya nusu. Na 710 haipiti 750. Tena hauna nguvu. Sasa akija yule mwingine wa 130 pahali pa yule wa 80, vichwa ni vile vile 4, lakini mafungu yanakuwa 760. Mkutano unafunguliwa.

Kwa nini kusumbua watu hivi? Mimi naona sheria hii ni ya haki. Wangehesabu mafungu tu, tajiri mmoja mwenye apartema nyingi pamoja na rafiki wawili wangefanya mkutano wao sebuleni. Wangehesabu vichwa tu, wenye vyumba vidogo wangekata mashauri ya bei kali, na feza nyingi ingetoka mfukoni mwa yule ambaye hakuwa pale. Kila upande una kizuizi chake.

Na angalia neno hili: hesabu inafanywa mwanzoni mwa mkutano. Kuko watu wanaosimama katikati, wanavuta kiti kwa nguvu, wanatoka na hasira wakiwaza ya kama wameuua mkutano. Kule hawajaua kitu. Wameacha tu sauti yao mlangoni kwa mashauri yanayobaki.

Sasa tufike kwa mkutano wa pili. Korumu isipopatikana, sindiki anaita wenye mali tena, na siku 15 angalau zinapaswa kupita katikati. Huo mkutano wa pili unakata mashauri hata wakija wangapi, hata wakiwa na mafungu mangapi. Sheria haiwekei hesabu yoyote.

Rudi kwa nyumba yetu ya mafungu 1000. Shauri ni kuvika kuta za nje vazi la kuzuia baridi, kazi inayokula feza nyingi sana. Mkutano wa kwanza ulishindwa. Kwa ule wa pili wanakuja watu watatu tu: wa 100, wa 80 na wa 60. Jumla 240. Kazi kama hii kwa vitu vya wote inauliza theluthi mbili za sauti. Lakini ni theluthi mbili za sauti za wale walio pale, si za nyumba nzima. Theluthi mbili za 240 ni 160. Wa 100 na wa 80 wanasema ndiyo, zinakuwa 180. Shauri limepita. Watu wawili wenye mafungu 180 wamekata shauri juu ya mafungu 1000, na kama kanuni za nyumba zinagawanya gharama kwa mafungu, yule bwana wa 400, aliyekaa kwake akiwaza «bila mimi hawataweza», atalipa sehemu 40 katika kila 100.

Tena anayekuja na kusema «mimi sina neno» hahesabiwi kabisa. Sauti yake haiwekwi kwa ndiyo wala kwa hapana. Mtu asiyetaka shauri lipite anapaswa kusema hapana kwa kinywa chake, pale pale.

Mtu atauliza: Je, yule mwenye mafungu mengi hawezi kungojea mkutano wa pili kwa akili, aje na kumeza wadogo? Sheria ilimwaza. Hakuna mtu anayeruhusiwa kupiga kura kwa sauti zinazopita jumla ya sauti za wengine wote walio pale. Bwana wa 400 akija na kuwakuta wa 60, wa 50 na wa 50, ni kusema 160, yeye naye anahesabiwa 160 tu. Hawezi kuwashinda kama wao watatu wamesimama pamoja. Lakini kwa ulinzi huo kufanya kazi, wale watatu wanapaswa kuwa chumbani.

Inchi zingine zimechagua namna yao. Uswisi wanauliza nusu ya wenye mali, ambao pia wana nusu ya bei ya nyumba. Hesabu isipotimia, mkutano wa pili hauwezi kuwa mbele ya siku 10, na hapo theluthi moja ya wenye mali inapaswa kuwa pale, wasiwe chini ya wawili. Mimi ningependa hiyo theluthi moja kuliko ule mlango wazi wa Ubelgiji, lakini si mimi ninayeandika sheria. Ufaransa, kwa sheria ya 10 Julai 1965, hawahesabu watu mlangoni kabisa. Wanahesabu wakati wa kura: mashauri ya kawaida yanafuata wingi wa sauti zilizotolewa, mengine yanauliza wingi wa sauti za wenye mali wote, hata wale waliobaki nyumbani. Na hata pale, shauri likikosa wingi huo lakini likapata theluthi moja ya sauti zote, wanaweza kupiga kura ya pili siku ile ile kwa wingi mdogo. Njia ni mbalimbali, lakini aliyekosa hasaidiwi sana na yoyote.

Na hapa kwetu? Inchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na tangu siku ile kompani zetu, hata zile ndogo ambazo ndugu wawili watatu wanafungua kwa kuuza saruji ao kubeba mizigo, zinafuata sheria moja na inchi nyingine za Afrika. Mchezo ni ule ule. Katika SARL, mashauri ya kawaida yanauliza wenye zaidi ya nusu ya kapitali. Wasipopatikana, mara ya pili yanakatwa kwa wingi wa sauti zilizotolewa, hata kama kapitali iliyopo ni kidogo. Kugeuza statiti ni jambo zito zaidi: kunauliza robo tatu za kapitali. Katika SA, mkutano wa kawaida unauliza robo moja ya sehemu zenye sauti. Mara ya pili, hakuna hesabu. Mkutano wa kugeuza statiti unauliza nusu, na mara ya pili robo moja. Kijana aliyeweka feza yake katika kompani ya yaya yake, akae akijua hesabu hizi, maana yaya anazijua.

Koperative ni njia nyingine. Tangu kode ya mine ilipogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa na serkali. Katika sheria ya OHADA ya 15 Desemba 2010 juu ya koperative, kila mwanachama ana sauti moja, hata mwenzake akiwa ameweka feza mara kumi. Hapa hakuna bwana wa 400. Mwenye pompi na mwenye koleo wanahesabiwa sawasawa. Lakini sauti moja ya mtu aliye shimoni saa ya mkutano ni sauti iliyobaki shimoni, na wenye pompi wana wakati wa kuketi.

Kwa vyama vyetu vya kusaidiana, vile vilivyoandikishwa kufuatana na sheria ya 20 Julai 2001 juu ya ASBL, mengi yanatoka kwa statiti zenu wenyewe. Fungua zile karatasi. Angalia wanauliza watu wangapi. Angalia kinachofuata wasipotimia. Angalia mtu mmoja anaweza kubeba prokirasyo ngapi. Nimeona statiti zinazosema «theluthi mbili ya wanachama» bila neno lolote juu ya mkutano wa pili. Walioandika waliwaza wanalinda chama. Nyuma ya miaka, wanachama wengine wamehama, wengine wamekufa na majina yao yangali katika daftari, theluthi mbili haiwezi kupatikana tena, na mkubwa anabaki kwa kiti chake sababu hakuna mkutano wenye nguvu ya kumwondoa. Korumu kubwa sana ni zawadi kwa yule aliye tayari kitini.

Narudi kwa ile barua ya Bruxelles, maana ni hiyo inayotesa familia zaidi.

Tuseme baba mdogo alikaa kule miaka mingi, akanunua apartema, akafariki. Wariti wake ni watoto watano: wawili Likasi, mmoja Kolwezi, mmoja Kinshasa, mmoja kule kule. Apartema sasa ni ya wote watano pamoja. Sheria ya Ubelgiji inasema: mpaka wale watano wachague mtu mmoja wa kusema kwa ajili yao, haki yao ya kushiriki katika mashauri ya mkutano inasimamishwa. Inalala. Wakija wote watano, hawana sauti hata moja. Lakini gharama za nyumba hazilali pamoja nayo. Paa likitengenezwa, deni linaandikwa kwa apartema.

Huku kwetu namna gani mambo yanakwenda? Wa Kolwezi anasema: «Yaya mkubwa ndiye ataandika.» Yaya mkubwa anasema: «Yule wa Bulaya yuko karibu, aende yeye.» Yule wa Bulaya anaogopa watasema anataka kukula urithi peke yake, ananyamaza. Mwaka unapita. Wala hakuna aliyekataa, wala hakuna aliyekubali.

Kinachopaswa kufanywa si kirefu. Wariti wanakubaliana jina moja na kumjulisha sindiki kwa maandishi. Huyo mmoja ndiye ataitwa kwa mikutano. Kumchagua si kumpa apartema. Ni kumpa kinywa tu, na ninyi wenyewe mnaweza kuandika kati yenu ya kama hatakubali gharama kubwa bila kuwauliza kwanza. Pamoja na jina, toeni adresi ya kweli. Sindiki akituma barua kwa adresi ya mwisho anayoijua, sheria inahesabu ya kama imetumwa vizuri, hata kama mlango ule umefungwa toka siku ya matanga.

Barua ya mwito inapaswa kutumwa siku 15 mbele ya mkutano, isipokuwa kwa jambo la haraka, na inapaswa kuonyesha mashauri yatakayokatwa. Soma mashauri hayo mbele ya kuangalia tarehe. Kama ni kusoma hesabu za mwaka, ni jambo moja. Kama ni kuta, asansere ao kubadili matumizi ya sehemu ya nyumba, ni jambo jingine. Barua ikisema ya kama watu wanaweza kushiriki toka mbali, kwa mashini, basi hata aliye Likasi anaweza kuwa chumbani, kama umeme haukukatika.

Asiyeweza kwenda atoe prokirasyo: karatasi yenye jina lake, jina la anayemtuma, na tarehe ya mkutano. Mambo matatu ya kujua hapa. Karatasi hiyo ni ya mkutano mmoja tu, isipokuwa ile iliyofanywa kwa notere. Mtu mmoja hawezi kubeba zaidi ya prokirasyo tatu, isipokuwa kama sauti zake pamoja na za waliomtuma hazipiti sehemu 10 katika 100 za nyumba nzima. Na sindiki mwenyewe hawezi kubeba hata moja. Basi akiwaandikia kwa upole «nitumieni karatasi, nitawasemea», mjibu kwa upole ya kama mnatafuta jirani. Prokirasyo inasaidia mara mbili: inahesabiwa kwa korumu, na inaweza kuandikwa «apige kura ya hapana juu ya shauri la kuta».

Na kama shauri limekwisha kukatwa? Mwenye mali anaweza kwenda mbele ya mwamuzi wa amani wa pale nyumba iliko, kuomba shauri livunjwe kama lilikatwa bila kufuata sheria, kwa udanganyifu ao kwa kuonea watu: korumu haikutimia na hawakuita mkutano wa pili, ao siku 15 hazikupita, ao walikata jambo ambalo halikuwa katika barua. Lakini kusema tu «sisi hatukuwa pale» hakutoshi. Na muda ni miezi minne, nayo inahesabiwa toka siku ya mkutano wenyewe, si toka siku habari ilipofika Likasi.